Chakula cha Mahabusu Asiyekuwepo

Saa moja na robo asubuhi, Ijumaa. Ottilia Hyera anaweka sufuria yake juu ya kaunta ya kituo cha polisi Mbinga, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka kwake Mbuji. Ndani mna ugali, maharage na usipa kidogo, dagaa wa Ziwa Nyasa.

"Onja kwanza, mama," anasema askari wa zamu.

Mama huyo wa miaka 58 anamega tonge, anachovya, anameza. Ndiyo desturi ya vituo vyetu: aletaye chakula hukionja, isije ikawa kina sumu. Askari anaridhika, anaivuta sufuria upande wake.

Hapo ndipo Wakili Gaudiosa Mbunda, aliyesimama mlangoni na jalada kwapani, anaposogea.

"Afande, chakula hicho cha nani?"

"Cha mahabusu."

"Mahabusu gani?"

"Wakili, tusianzane asubuhi yote hii."

"Sikuanzi. Juzi mkubwa wako aliniandikia, na mhuri juu, kwamba Vitalis Hyera hayupo hapa. Sasa mnamwonjesha mke wake chakula cha nani?"

Askari anaitazama sufuria. Kisha anaisukuma irudi kwa mama.

"Kuanzia leo hatupokei chakula."

Vitalis, mkulima wa kahawa mwenye miaka 63, alikamatwa siku kumi na moja zilizopita. Barabara ya malori ya makaa ya mawe ilitakiwa ipite katikati ya ngolo zake, mashimo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili mvua isiondoke na udongo. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaomba kuonyeshwa muhtasari wa kikao kilichokubali jambo hilo. Jioni yake akabebwa.

Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Zimepita zaidi ya 250.

"Wanasema sheria ni msumeno," anasema Gaudiosa, 41. "Huu wetu una meno upande mmoja, na upande huo wamewageuzia wakulima."

Ni mwaka wa tisa tangu arudi Mbinga kufungua ofisi. Ameitwa kuhojiwa mara nne. Mwenye nyumba wake ameshauriwa na "watu" amtoe. Mwaka jana alilala mahabusu yeye mwenyewe, kosa lake kuuliza jina la askari. Wateja humpa walichonacho. Mvuvi mmoja wa Liuli alimletea debe la usipa, na usipa huo ndio Ottilia amepika leo.

Lakini nje ya kituo Ottilia hana shukrani.

"Umewashinda kwa maneno, mwanangu. Sasa mume wangu, Baba Ignatio, atakula nini?"

Gaudiosa anakiri kwamba hilo hakulitazamia.

"Nilitaka waseme kwa midomo yao kwamba yumo. Wamesema, maana huwezi kumkatalia chakula mtu asiyekuwepo. Furaha yangu imedumu nusu dakika," anasema. "Mtu mzima anashindishwa njaa kwa sababu mimi nimeuliza swali. Hiyo ndiyo serikali inayotuambia tuiheshimu."

Wanakwenda ofisini moja kwa moja. Ottilia anaapa mbele ya wakili mwingine: kabla ya leo mara ishirini alipeleka chakula, mara ishirini alionjeshwa, mara ishirini sufuria ilirudi tupu. Gaudiosa anaambatanisha barua yenye mhuri na kupanda basi la Songea.

Alasiri, maombi yake yanapokelewa Mahakama Kuu chini ya hati ya dharura. Jaji anayasoma na kuamuru: Jumatatu saa tatu Vitalis aletwe mbele yake, na aliyeandika ile barua aje aeleze ni nani aliyekuwa akila chakula kile.

Kabla jua halijazama, kituo kinapiga simu Mbuji. Chakula kinapokelewa. Hakuna anayeomba radhi.

Gaudiosa hataki kusherehekea. Anasema Jumatatu Vitalis akitoka, hawatakwenda kupumzika. Watakwenda ofisi ya kijiji kuuliza lile swali lililomfunga.

"Kwanza ale," anamkatiza Ottilia.

"Ale, mama, ashibe. Halafu tutasimama pale wote watatu tuombe muhtasari. Na wakisema haupo, waniandikie hivyo."