Mkono wa Mama na Miwani ya Mtumba

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo pale Moshi mjini kumnunulia shangazi dawa ya kupe. Muuzaji akafungua kopo la mafuta ya kukamulia. Harufu ile nzito ilinirudisha kwenye zizi letu, nikatoka bila kununua kitu. Mtanisamehe ninyi mnaosoma. Mimi ni mtu wa kuwaza jambo mpaka linichachie kichwani, na hili sijawahi kumwambia mama.

Mama alikuwa mlinzi. Miaka ile serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi wa kahawa, mmoja wao alijenga ghala karibu na Bomang'ombe, akaajiri walinzi wa bastola. Baba alikwisha kufa, mibuni yetu kule Machame ilikuwa imezeeka, na kazi ile ndiyo iliyoniweka shuleni. Lakini kila mwaka walinzi walipimwa shabaha kwenye machimbo ya mchanga, mbele ya Afande Mushi, mwanajeshi mstaafu. Ukishindwa, unarudia baada ya wiki mbili. Ukishindwa tena, unarudisha sare. Mara ya kwanza risasi zote za mama zililima ardhi, chini kushoto mwa kibao cha shabaha. Wenzake wakambandika jina: Mama Mchimba Mchanga.

Bastola haikuruhusiwa kwenda nyumbani, hivyo fundi alimchongea moja ya mti wa mringaringa, akapigilia msumari mdogo mwishoni mahali pa kile kijino cha kulengea. Kila jioni, akisha kukamua, mama alisimama kati ya zizi na migomba akaulenga mlango wa choo. Kazi yangu ilikuwa kuweka punje ya kahawa juu ya mtutu. Akivuta kidole, punje ilianguka. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimemtazama maisha yangu yote akikamua: kidole cha shahada kinaanza kubana, vingine vinafuata mpaka cha mwisho.

"Mama, unaikamua," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Alianza upya: mkono wa kulia juu kabisa ya mpini, wa kushoto ukiufunika, vidole vyote vimekwisha kubana sawasawa, halafu kile kimoja tu kitembee, polepole. Mafuta ya kukamulia yaliyobaki mikononi aliyasugua kwa majivu ili mpini usiteleze. Bibi alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasema mkono ukishajifunza hausahau. Siku ya sita punje ilitulia.

Yakabaki macho. Mama aliweza kuhesabu ng'ombe wa watu kule tambarare, lakini uzi kwenye sindano nilimtilia mimi. Sokoni, kwenye lundo la mitumba, alijaribu miwani moja baada ya nyingine, kitabu cha nyimbo za kanisani mkononi, mpaka herufi zikasimama. Alipoivaa machimboni alilalamika kwamba sasa kibao kimekuwa ukungu. Afande akamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa: kijino kiwe wazi, unachokilenga kififie.

Alifaulu. Nilitamba shule nzima kwamba mama yangu hakosi.

Miezi mitatu baadaye, kulipokucha, kijana mmoja alikutwa ndani ya ukuta wa ghala na nusu gunia la kahawa. Aliamriwa asimame, akageuka na panga. Mama alifyatua mara moja tu. Marehemu aliitwa Elia, alikuwa na miaka kumi na tisa, na mama yake aliimba kwaya moja na mama yangu. Polisi walimhoji mama, wakamwachia. Mwajiri akampandisha kuwa msimamizi wa zamu.

Aliporudi nyumbani nilimwamkia, na kabla hajakaa nikamuuliza neno ambalo mpaka leo linanitafuna.

"Mama, ulishika vizuri?"

"Nilishika vizuri, mwanangu."

Alinijibu kwa utulivu, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tangu hapo kukamua aliniachia mimi. Kwaya aliacha. Kila mwaka alirudi machimboni, na kila mwaka alifaulu. Majirani walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, nami, nilipokua, nilianza kuwaamini.

Mwaka jana nilihitimu chuo. Mwezi uliofuata mama aliniambia amestaafu. Nilipokutana na Afande Mushi, sasa mzee wa mkongojo, alinieleza vingine: mama alishindwa mtihani wa shabaha, akarudia, akashindwa tena. Risasi zote zilipita juu ya kibao, zikaingia kwenye ukingo wa machimbo. Zote zilikaa mahali pamoja, akasema, ungeweza kuzifunika kwa kiganja.

Nilisimama pale barabarani nikihesabu miaka. Angeweza kukosa hivyo mwaka wowote. Alikuwa akisubiri nimalize masomo.