Kiti cha Mgeni

Juzi, huko Buterere, nilifuatana na kijana mwenye fomu aliyekuwa akiorodhesha watakaopewa msaada wa mafuriko. Alipofika kwa mama mmoja, mama huyo alikimbia kuazima kiti kwa jirani ili mgeni asisimame. Kijana akaketi, akaandika: kiti kimoja.

"Apana, mutoto wangu, iyi kiti ni ya jirani."

"Mama, mi naandika kenye naona. Wenye viti watangoja."

Mama hakukiondoa kiti. Watu wa nyumba tatu zilizofuata nao walikiazima, wakijua watakachopoteza. Nilihesabu: kiti kimoja mtaani, vinne katika fomu.

Kijana aliniambia kwamba fomu hiyo hutumika katika nchi nyingi. Najiuliza kama huko nako maskini huwakalisha wageni.