Zamu Yangu Shimoni

Kwa mwaka mzima kifua hakikuniuma, na daktari wangu pale Tukuyu alifurahi. "Moyo umetulia, mzee wangu," alisema, akaniandikia dawa zilezile. Sikumweleza kilichoutuliza. Nilikuwa nimeacha kupanda mlima wa shambani kwangu Nkunga. Chai anachuma mke wangu, ndizi anakata yeye na kubeba yeye. Kwenda kanisani nilitoka nyumbani saa nzima kabla ya kengele, nikisimama kila penye mtu wa kusalimia, na pasipo na mtu nakagua migomba ya watu kama bwana shamba. Kitandani tuliishia kutakiana usiku mwema. Kama huko ndiko kutulia, hata gogo limetulia. Lakini daktari aliuliza maumivu tu, nami nilijibu alichouliza.

Ugonjwa huo aliujua mke wangu peke yake. Kwetu kaburi linachimbwa na wanaume wa kijiji wenyewe, kwa zamu, wawili wawili shimoni. Mwanaume akijulikana kuwa ana ugonjwa wa moyo hapewi chepe tena. Anawekewa kiti pamoja na wazee, na kuanzia hapo anahesabiwa huko. Mimi na rafiki yangu wa Masoko, tuliyechunga naye ng'ombe utotoni, tuliingia shimoni pamoja tangu ujana. Tulimchimbia baba yake, tukamchimbia na baba yangu. Nilipoanza kuumwa nikawa nafika misibani nimechelewa makusudi, na yeye akawa anachimba na wengine.

Mwezi wa tano nikapigiwa simu asubuhi. Rafiki yangu huyo alikuwa ameanguka shambani akikata ndizi, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Kisha nikachukua chepe.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Ukienda kuchimba, tutazika wawili."

Nikamwambia anipishe. Huyu nisipomchimbia, basi sikuwahi kuwa rafiki yake.

Masoko kulikuwa na manyunyu na udongo ulikuwa mzito. Wanaume walinipisha shimoni. Mwanzoni nilikwenda vizuri, nikaanza hata kujidanganya. Halafu kifua kikabana, maumivu yakapanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Niliangusha chepe, nikatoa kidonge mfukoni, nikakiweka chini ya ulimi mbele ya wote. Vijana wawili walinishika makwapa wakanitoa.

"Baba, kaa hapa. Sisi tutamalizia."

Waliniketisha kwenye kiti cha plastiki, kando ya wazee. Nilipogeuka, mtu mwingine alikuwa ameshaingia mahali pangu. Niliwachukia wote, ingawa hakuna aliyenikosea.

Mjane akatoka kwa wanawake, akachuchumaa mbele yangu, uso umemvimba kwa kulia. "Pole fijo, pole sana, shemeji." Mimi ndiye niliyepaswa kumpa pole. Akautazama mkono wangu, uliokuwa unasugua kifua.

"Hata yeye alikuwa anafanya hivyohivyo," alisema. "Akipanda kutoka ziwani hapo chini anasimama, anajisugua. Ananiambia ni gesi. Nikimwambia aende hospitali, anasema watu wakisikia hawatampa chepe tena." Akaninyooshea kidole kifuani. "Wewe ilikuanza lini?"

"Huu mwaka wa nne."

"Alijua?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Nilimwambia naumwa mgongo."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliinuka, akajifunga khanga upya kiunoni, akarudi kwa wenzake. Kule shimoni walikuwa wanaulizana kama kina kimetosha. Kidonge kilikuwa kimeshayeyuka na kifua kinaachia, kama daktari alivyoniahidi. Mfukoni nilikuwa na vingine vingi, na yeye alikufa hajui hata kwamba vipo.