Kitufe cha Nimeelewa

Kazi yangu ni kupanga masomo ya kwenye simu, na wenzangu ninaofanya nao kazi hiyo wanapenda nadharia kuliko chakula. Mmoja anashikilia kwamba mtu hujifunza kwa tuzo, basi kila jibu sahihi lazima nyota iwake na kengele ilie. Mwingine anasema mwanafunzi hujijengea maarifa mwenyewe, kwa hivyo tumwachie nafasi ajipime alipofika. Tunabishana kwenye mikutano ya video, mimi niko Malindi, kamera nimeizima ili nizunguke chumbani. Siwezi kutulia kitini watu wakibishana. Nilikuwa upande wa huyo wa pili, tena kwa maneno makali.

Ndivyo kilivyozaliwa kitufe changu. Mwisho wa kila somo sauti inauliza, "Umeelewa, mwanangu?" na chini yake kuna vitufe viwili: Nimeelewa na Sijaelewa. Ukibonyeza cha pili, somo linarudi polepole, kwa mifano mingine. Sauti hiyo, ya kufundisha na ya kuuliza, niliichukua ya mama yangu mzazi, kwa sababu Kiswahili chake kimenyooka na hakina haraka. Nilijivunia sana kazi ile.

Kozi yenyewe ilikuwa ya walimu wa chekechea wasio na cheti, na mke wa kaka yangu alikuwa mmoja wao. Anafundisha Kakuyuni, watoto wadogo wanaofika darasani na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa ameambiwa waziwazi: asipopata cheti muhula huu, darasa atapewa mwingine. Darasa lile analipenda kupita kiasi. Ukikaa na wifi yangu, mazungumzo yote ni ya watoto wa watu.

Kwenye kompyuta yangu ninaona kila anachobonyeza mwanafunzi. Yeye alikuwa akibonyeza Nimeelewa, Nimeelewa, somo baada ya somo, bila kurudia hata moja. Nikafurahi. Kisha ukaja mtihani wa majaribio, akaanguka vibaya.

Nilipandwa na hasira, na sikujua ninamkasirikia nani. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena, nikafua nguo zilizokuwa safi. Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Kakuyuni, nikamkuta anapalilia mihogo.

"Wifi, ulikuwa wabonyeza tu?"

"Nilikuwa nasikiliza! Lile somo la kupanga vipindi nimelisikiliza mpaka masikio yakaniuma."

"Sasa kama hukuelewa, mbona hukusema?"

Akaegemea jembe, akaniangalia kwa huruma.

"We wifi wewe! Yule si mama? Mama mkwe wangu aniulize kwa upole wake, nami nimjibu sijaelewa? Hiyo ni adabu gani?"

"Si mama, ni simu!"

"Simu yenye sauti ya mama."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Niliporudi nyumbani nikawaangalia wanafunzi wengine. Hao mama si mkwe wao, lakini walikuwa vilevile: karibu wote wamebonyeza Nimeelewa, hata kwenye masomo ambayo mimi mwenyewe nayaona magumu. Sauti ni ya mtu mzima, na mtu mzima haambiwi usoni kwamba maneno yake hayakuingia. Katika nadharia zote tulizogombania, hakuna aliyekumbuka kuuliza ni nani anayeuliza.

Mama nikamwacha afundishe. Kazi ya kuuliza nikaichukua mimi, kwa sauti yangu ya pupa: "Haya, umeshika au umepitwa?" Wenzangu walilalamika kwamba hiyo si lugha ya kitaaluma. Niliwaambia waniache. Siku ileile wifi yangu akaanza kubonyeza Sijaelewa, akabonyeza tena na tena, kisha akanitumia ujumbe wa sauti: "Wifi, wafundisha vibaya kama upikavyo!" Tumezoea kutaniana hivyo tangu aolewe, na kwa utani huohuo akairudia kozi nzima. Siku ya mtihani wenyewe sikuweza hata kunywa chai. Akapita, darasa likabaki lake.

Alikuja Malindi kutupa habari. Mama alikuwa ameshasimuliwa kisa cha kitufe, na nilidhani atakifanyia mzaha. Alimkaribisha mkekani, akampongeza, kisha akamtazama sana.

"Mwanangu, miaka yote tangu uolewe kwetu wanijibu 'ndiyo mama', 'sawa mama'. Ulikuwa waelewa, au wanistahi?"

Wifi yangu alishika ncha ya leso yake, akaikunja, akaikunjua. Nilitaka kuingilia, nikajizuia kwa shida.

"Kuna moja sijaielewa hadi leo, mama," akasema. "Nilipofiwa na mwanangu wa kwanza, kwa nini ulinikataza kulia?"

Mama akaanza kulia yeye.