Imbwa Chini ya Mbao Zangu

Mimi hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza. Nilisoma miaka ine tu ya shule ya musingi, nikabeba magunia ku mupaka wa Kasindi, na leo niko na depo mbili za bidhaa hapa Butembo na nyumba ya matofali ya kuchoma. Portail yangu, mulango mukubwa wa chuma wa kiwanja, ilikuwa ya kwanza katika barabara yetu. Ikifungwa, kwa mulio wake tu batu ba chini ya kilima banajua kama nimerudi. Donc, siku yaya yangu alifika kutoka upande wa Eringeti, imbwa moja nyuma yake, nilifikiri: hii ni kazi ndogo.

Yaya ni dada yangu mukubwa, alinibeba mugongoni. Vita vilipita kwao. Bwana yake na kijana wake walibaki kule shambani, chini ya udongo. Imbwa ilikuwa ya kijana. Ilimufuata njia yote, mais kwa mbali, na ilipoingia kwangu ikajitia chini ya mbao nilizopanga uani. Haikutoka. Hata yaya akiita, ilitetemeka tu. Naye yaya akakaa pale mbele ya mbao, sahani ya bugali ikipoa juu ya magoti. Nikaelewa: imbwa isipokula, huyu naye hatakula.

"Itapona," nikamuambia. "Ni mimi ninakuambia."

Kwetu imbwa ya kulinda inafungiwa ndani ya giza muchana kutwa, ili usiku iwe kali. Ndivyo nilivyofanya zote nilizokuwa nazo, na hakuna mwizi aliyezisifu. Nikaivuta hii kwa kamba, nikaifungia ndani ya depo. Ikajikojolea. Ikalamba ukuta mpaka ulimi ukatoka damu. Makayabo, samaki ya chumvi niliyoitupia, ikaota funza.

Muke wangu akasimama ku mulango wa depo.

"Baba batoto, unaifundisha nini? Giza? Giza, imbwa hii inaijua kukupita wewe."

"Na wewe unajua imbwa?"

"Ninajua kilio. Yaya wako alipofika, ulimufungia ndani ya depo?"

Majibu niko nayo siku zote. Mais ni kweli: kwetu mutu wa kilio, mwenye kufiwa, haulizwi kitu. Batu banakuja, banakaa karibu ya moto, banaangalia chini. Hakuna anayemuambia "kula". Banakula bao benyewe mbele yake, pole pole, mpaka mukono wake utoke wenyewe.

Nikafungua depo, imbwa ikarudi chini ya mbao. Basi mimi, mutu wa depo mbili, nikawa naweka kiti kidogo pale kila asubuhi mbele ya kwenda sokoni, nikaipa imbwa mugongo, nikala muhogo wangu, nikaacha kipande nyuma. Sikuita, sikugeuka. Yaya akakaa kando yangu, vilevile.

Jirani wangu, muuza mafuta, akachungulia. "Patron, imbwa ndiyo inakulinda, ao wewe ndiye unailinda?"

"Pita," nikamuambia. "Utanitishia mugeni."

Vipande vikaanza kupotea. Halafu tukaona pua. Maharagwe ya Musienene yalikuwa yamevunwa na kuisha sokoni wakati kichwa chote kilitoka, na siku ile yaya alishika kijiko. Mara mufanyakazi wangu akasukuma portail: paa! Imbwa ikapotea. Kijiko kikaanguka.

Ilitokea tena, na tena. Nikamugombeza mufanyakazi, nikapaka mafuta ku bawaba. Chuma ni chuma. Mpaka asubuhi moja, portail ilipolia, sikuangalia mbao. Niliangalia yaya. Mabega yake yalipanda mpaka masikio, vidole vimekamata kiti. Tangu afike kwangu alikuwa anaishi na mulio ule, na mimi nilikuwa ninajivunia.

Nikang'oa portail. Mufanyabiashara mumoja wa Beni akainunua kwa bei ya chini, akaichukua ndani ya camion, akicheka. Seremala akanitengenezea mulango wa mbao za mikalitusi, na bawaba za mupira wa gurudumu. Unafungwa bila neno.

Imbwa ilitoka yote. Ilizunguka kiti cha yaya, ikanusa kanga yake, ikalala, kidevu juu ya muguu wake. Yaya hakuigusa. Alivuta sahani ya bugali na majani ya muhogo, akamega, akatafuna.

"Mutoto wa mama," akaniambia, "hii sombe haina chumvi. Leta."

Nilikimbia mimi mwenyewe. Hasara ya portail na kazi ya seremala, nimelipa dola mia tatu na kumi na tano.