Siku Walipomsemesha Pepo wa Mama

Nilipokuwa mtoto kule Bongwe, niliamini kabisa kwamba ndani ya mamangu alikaa mtu mwingine. Sikuwa peke yangu, kijiji kizima kiliamini hivyo. Uhuru ulikuwa bado mbichi, wanaume wengi wameingia Mombasa kutafuta hizo kazi zilizosemwa zitakuwa tele, na babangu alikuwa mmoja wao. Mama aliachiwa shamba la mihogo, mimi, na mimba. Mtoto alizaliwa wa kiume, akafa kabla ya arubaini, kama yule aliyemtangulia.

Baada ya maziko mama akalala. Sisemi usingizi, usingizi hakuupata. Alilala tu mkekani, uso ukutani, nywele hazijasukwa. Nikimpa uji aliushika mpaka ukapoa. Majirani walimwambia ashukuru Mungu, ashukuru ana mimi. Alishukuru, na kesho yake yuko pale pale. Nikadhani ni mimi sikutosha, na wallahi fikira hiyo iliniuma kuliko njaa.

Bibi, mamake mama, alikuja akamtazama, akasema ni pepo. Hakusema kwa ubaya, maana pepo kwetu ana tiba yake. Hupigiwa kayamba, akaulizwa jina lake na anachokitaka, akipewa nguo yake hutulia. Mimi akanionya nisimwite mama pale ngomani, kwa kuwa atakayeitika si mamangu.

Ngoma ikapigwa alasiri, uani petu. Mama alikalishwa kigodani, akafunikwa shuka, ubani ukifuka miguuni pake, wanawake wakitikisa kayamba pande zote. Nilifurahi mimi! Nilijua jioni nitarudishiwa mamangu. Alipoanza kutetemeka, mganga, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alizinyamazisha kayamba akauliza:

"Wewe u nani?"

"Ni miye, Mwanamisi."

Watu wakaguna. Mganga akatabasamu tu, akatueleza kuwa wako pepo wajanja, hujificha nyuma ya jina la mwenye mwili. Akamuuliza anataka nini.

"Sitaki kitu. Nimechoka. Nawalilia wanangu."

Maneno hayo mama alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na hapo ndipo alipoyasema, mbele ya watu wote waliompenda. Bibi akatikisa kichwa, akasema huyu mkaidi. Kayamba zikarudi kwa nguvu zaidi. Wakamuuliza tena, akajibu vile vile, wakapiga tena. Jua lilikuwa linazama aliposema, kwa sauti ndogo, jina lisilokuwa lake, na kwamba anataka nguo nyekundu. Loo, vigelegele vilivyopigwa siku ile! Bibi alilia kwa furaha.

Asubuhi mama aliamka, akateka maji, akasonga sima. Amepona, wakasema. Baba alirudi, wadogo zangu wakazaliwa, mihogo ikalimwa. Ila tangu siku ile sikumsikia tena akisema amechoka, wala akiwataja wale watoto.

Siku hizi redioni madaktari huuita ugonjwa huo sonona, wakieleza kuwa huletwa na misiba, uzazi, upweke na kazi nzito. Nasikiliza, nakubali, na moyo haunitulii. Siwezi kumlaumu bibi, alileta alichokuwa nacho. Na tena, kwetu enzi hizo, mwanamke aliulizwa wapi anataka nini, kama si pale chini ya shuka? Mama aliulizwa, akajibu ukweli, ukweli ukakataliwa. Hilo ndilo lililobaki nami mpaka nikawa mtu mzima.

Uzeeni alilala tena, uso ukutani. Wakati huo mwenye kumpa uji ni mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, na aliushika mpaka ukapoa vile vile. Alasiri moja nikaketi kando yake, nikamuuliza taratibu anataka nini.

Aliuliza bila kugeuka, "Wamuuliza nani?"

"Nakuuliza wewe, mama. Wewe Mwanamisi."

Akageuka akanitazama, nadhani alinionea huruma. Akaniambia, "Basi niletee nguo nyekundu."

Nikainuka nikaenda kuitafuta, huku nalia, kwa sababu sikujua la kufanya jingine.