Barua kwa Mkono, Kutoka Kabambare

Sijamsamehe, wala sina haraka. Niliseme hilo mapema.

Nilikuwa mwandishi wa ripoti wa shirika letu la mbegu pale Kabambare. Serveri, ile kompyuta inayotunza kazi zote, ilikuwa Kasongo, na mkuu wake hakumruhusu yeyote asiye msimamizi kuingia kutoka mbali. Intaneti tulikuwa nayo. Hata hivyo kila mwezi nilipanda pikipiki, siku mbili za matope, kwenda kuandika ripoti mezani pake. Nilipoomba ruhusa alicheka.

"Serveri haiko soko, mama. Lete barua iko na kashe, kwa mukono yako, njo nitaangalia."

Nilipeleka barua mara tatu, zote zimepigwa kashe, yaani muhuri. Kila mara aliona kasoro.

Mara ya tatu nilimwacha mama yangu na homa. Alifariki asubuhi, mimi nikiwa bado Kasongo. Kwetu Waislamu maiti hailazwi. Kabla ya alasiri walikuwa wamemzika. Niliporudi nilikuta kaburi limekwisha kunyeshewa mvua.

Miaka miwili baadaye nikapewa kiti cha mkuu yule, yeye akapelekwa Kabambare. Siku ya kwanza nilifungua orodha ya watumiaji wa kawaida wanaoruhusiwa kuingia kwa mbali. Kuongeza mtu ni kuandika jina na kubonyeza, basi. Chai yangu haikupata hata nafasi ya kupoa. Sikumzika mama yangu kwa sababu ya kazi ya dakika moja! Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ile nimeitunza vizuri.

Haukupita mwezi akapiga simu.

"Mama, njia iko mubaya, na mugongo inaniuma. Uniongeze tu kwa liste."

Nikamwongeza palepale, simu ikiwa sikioni. Kisha nikamwambia, "Lete barua iko na kashe, kwa mukono yako."

Hakubisha, kwani kanuni ilikuwa yake mwenyewe. Angejaribu kuingia mara moja tu, angeingia. Hakujaribu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Alifika siku ya tatu, matope hadi kiunoni, barua ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta, akaliona jina lake.

"Tangu siku gani?"

"Tangu ile siku ulipiga simu."

Akaiweka barua mezani pangu. Halafu, kwa mara ya kwanza, akanipa pole ya mama.

Barua niliipokea. Pole sikuipokea.